Lami au Plastiki Nyeupe

Tajiri wa magodoro alikuwa na kawaida ya kuuliza swali moja mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, utadhani anaongea na kiziwi. Asubuhi hiyo alisimama juu ya ghala lake, kwenye paa la zege lililolala kama sakafu, akauliza safari hii litandikwe nini. Lami ya zamani ilikuwa imechoka. Hapa imevimba, pale imepasuka, na mvua iliyopita ilimlowanishia mali. Binti wa fundi alifungua mdomo ajibu, lakini baba yake akamtangulia.

"Lami," alisema mzee. "Tabaka mbili, za kuchomelea kwa moto. Kama mwanzo."

Mafundi wenzake walimwita Mkavu, kwa kuwa hakuna paa alilotandika yeye likavuja kabla ya umri wa paa lenyewe kwisha. Hata hili lilikuwa lake, la enzi binti akiwa bado na sare za shule, na lilifanya kazi mpaka likasema basi. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukimwita kwa lile jingine alikuwa anachelewa kugeuka.

Binti alikuwa amemwomba baba abaki nyumbani, akakataa. Akamwomba basi akija asiseme kitu, mzee akamtazama kama aliyetukanwa. Sasa lami imeshatajwa, na lami maana yake moto, na moto maana yake bomba la gesi la kuchomelea mkononi mwa baba, maana hajazaliwa wa kumnyang'anya Mkavu bomba lake juu ya paa lake mwenyewe.

Kazi iliyopita, kwenye paa la duka la vitambaa, mzee alilaza bomba chini likiwa linawaka, limeuelekea mtungi wake wa gesi, kisha akashuka kunywa chai. Binti alipolikuta, rangi ya mtungi ilikuwa imeanza kutoka malengelenge. Alifunga gesi, kisha akamfuata mzee kwenye benchi la chai, akamkuta ametulia na kikombe chake, akamuuliza bomba kaliacha wapi.

"Bomba gani?" mzee aliuliza. "Kwani leo tuna kazi?"

Binti hakumwambia mtu yeyote. Tangu siku hiyo alitembea na jambo hilo kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni.

Angeweza kumvuta tajiri pembeni akamweleza ukweli. Lakini mdomo wa tajiri haukuwa na kizibo. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima wa maduka ungejua kwamba Mkavu kumbukumbu zinamtoka, na watu wangekuja kumpa pole mzee asiyejua anapewa pole ya nini. Bora ashinde kwa maneno ya kazi.

"Bosi, mimi naona tuweke plastiki nyeupe," alisema. "Inaunganishwa kwa mashine ya hewa moto, haina mwali. Huko chini kuna magodoro. Halafu nyeupe inarudisha jua, ghala litapoa."

"Si mbaya," tajiri alisema. "Lakini ile ya kwanza si mlichoma kwa moto, na magodoro yalikuwepo? Kuna lililoungua?"

"Hata uzi," alijibu mzee.

Kisha mzee akafanya jambo ambalo binti hakulitegemea. Akawa yule wa zamani. Akawatembeza paa zima, akipita katikati ya mashine za kupoza hewa na matangi ya maji, mikono nyuma, kofia imeshuka kidogo kwenye nyusi.

"Hapa kila mara anapanda mtu na spana kurekebisha haya madude yako," alimwambia tajiri. "Plastiki ni nyembamba. Spana ikidondoka inatoboa, na tundu lenyewe hulioni mpaka godoro lilowe. Tena ukiitandika juu ya hii lami bila kuweka kitambaa katikati, mafuta ya lami yanaila, inakauka, inakatika. Hata ukitaka kutandika mpira mweusi sina ugomvi nao, ila maungio yake ni ya gundi, na gundi haielewani na maji yaliyosimama. Kona ile maji yanasimama. Weka lami."

Yote yalikuwa kweli, neno kwa neno. Binti alijua hivyo, kwa sababu ni yeye huyohuyo mzee aliyemfundisha. Alimwonea fahari mpaka machozi yakamlenga, na kwa muda mfupi alijiuliza kama hofu yake haikuwa imetiwa chumvi.

Mzee akamgeukia tajiri, akauliza kwa upole, "Na mama watoto vipi? Ameshajifungua?"

Mtoto huyo, kijana mkubwa sasa, alikuwa chini uani, akirudisha lori nyuma na kuwapigia wapakiaji kelele. Tajiri aliangua kicheko. "Mzee wangu, una utani wewe. Haya, basi tuweke hiyo lami."

Binti akapiga moyo konde.

"Bosi, usimsikilize," alisema. "Baba anajua kitu kimoja tu, cha zamani. Dunia imekwenda, yeye kabaki na lami yake. Kama unataka paa la miaka ile, mpe yeye. Kama unataka la leo, nipe mimi."

Binti hakuthubutu kumtazama baba yake, halafu akamtazama, na akatamani zege lipasuke limmeze. Mzee hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alikunja futi yake polepole, akaitia mfukoni, akaangalia lami iliyokuwa chini ya viatu vyake.

"Ndiyo hivyo, mzee," tajiri alisema, akimpigapiga begani. "Watoto wametupita. Nyeupe, basi."

Mzee alishuka ngazi peke yake. Binti alimnyooshea mkono, akaupita.

Kazi ilifanyika, na ilifanyika vizuri. Binti alitandika kitambaa kwanza, kama alivyosema baba, kisha plastiki, akaunganisha kila ukingo mwenyewe na kuukandamiza kwa rola. Mvua hazijaisha, fundi wa mashine za kupoza hewa akadondosha spana. Binti alipanda akaziba tundu, na tajiri alipomuuliza kulikoni, akamjibu kwamba ni kitu kidogo.

Mzee hakupanda paa tena. Siku zilivyokwenda alisahau ghala, akamsahau tajiri, ikafika mahali ukimtajia lami anaitikia kwa adabu kama mtu anayetajiwa jirani asiyemfahamu. Binti alilia kwa hayo, lakini kimoyomoyo alijifariji kwamba angalau maneno yale ya juu ya paa nayo yatakuwa yamekwenda na mengine.

Asubuhi moja alikuwa anampoozea chai, mzee akamshika kiganja.

"Mwanangu, kuna mtu alinivunjia heshima mbele ya watu," alisema. "Mahali fulani juu, penye jua kali. Sura yake hainijii. Nikiamka nalikuta jambo lenyewe liko hapa." Akagusa kifua. "Wewe unamjua?"

Binti aliweka kikombe mezani. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, akaurudisha.

"Ni mimi, baba."

Mzee alimkazia macho kwa muda, akimkagua kama anavyokaguliwa mtu anayefanya mzaha mbaya. Kisha uso ukalainika, akampapasa mkono ili kumtuliza.

"Wewe huwezi, mama," alisema. "Ungekuwepo wewe, ungenitetea."

Akanywa chai yake. Kesho yake, alipoamka, alimuuliza tena.