Saladi za Kitalu cha Chini

Mzee Hilarión Chambi alifika maabara yetu, mjini Potosí, amebeba mgongoni kilo kama kumi za udongo, kazifunga ndani ya nguo ya kufumwa ya marehemu mkewe. Aliwahi kuwa mchimba madini. Siku hizi alilima mboga bondeni, kando ya mto unaoshuka na maji ya migodi, yenye rangi ya majivu.

"Injinia, nipimie huu."

"Mimi si injinia, mzee. Ni fundi wa maabara tu, naitwa Ninfa."

"Haya, injinia Ninfa. Mwaka juzi walikuja watu wakapima, wakasema una sumu za metali tele, risasi na kadmiamu, wakaenda zao. Sasa mimi nauliza: inaingia kwenye saladi, au inakaa tu humo udongoni?"

Nilimpenda hapo hapo. Ni wachache wanaouliza hivyo. Nikamweleza kwamba udongo lazima nichote mwenyewe, penye mizizi, na mmea niuchukue vilevile.

Jumamosi nikashuka bondeni. Alikuwa na vitalu viwili: cha juu akikinywesha maji ya chemchemi, cha chini maji ya mto. Nilichuma maharage ya kitalu cha chini, na nilipong'oa saladi zake, akazipokea na kuziosha jani kwa jani.

"Unaogesha mtoto?" nikamtania.

"Mbegu za marehemu mke wangu Saturnina hizi. Kila mwaka aliacha mche mmoja utoe maua." Akakung'uta maji. "Binti yetu Benedicta ana mimba ya miezi saba. Anataka kuja kujifungulia hapa. Nimemwambia paa linavuja."

Nikatazama nyumba yake, juu ya vitalu. "Linavuja kweli?"

"Halivuji hata tone. Ningemlisha nini, injinia?"

Nilikausha udongo ule, nikauchekecha, nikautikisa saa mbili ndani ya maji yenye chumvi kidogo ya kalsiamu. Maji hayo huchota kile tu ambacho mzizi ungeweza kukinyonya. Kingine hubaki kimeshikwa na udongo. Majani na maharage nikayayeyusha kwa asidi, nikayapima pia. Sikungoja zamu yangu ya mashine ya kupimia. Niliomba, nikanuniwa, nikapewa.

Majibu nilimpelekea mwenyewe. Tukakaa kwenye ukingo wa kitalu.

"Risasi imeshikwa na udongo, mizizi haipati kitu," nikasema. "Kadmiamu ndiyo inayoachiwa na udongo, hapa chini. Saladi zimeivuta kupita kiasi. Maharage hayakuvuta ya kutisha, yanalika. Kitalu cha juu hakina tatizo, panda utakacho."

Akachuma jani moja la saladi.

"Saturnina alikuwa anazila asubuhi na jioni. Ndizo zilizomuua?"

Ningeweza kumwambia hapana, apumue. Nikamshika mkono. "Sijui, mzee wangu. Kipimo changu hakifiki huko."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akapiga magoti, akaanza kung'oa saladi moja moja, taratibu, akiziweka kwenye gunia. Nami nikapiga magoti. Alipofika kwenye mche uliokuwa na maua, mkono ukasita.

"Huo uache ukomae," nikamwambia. "Mbegu zake utazipanda juu."

Akafuta macho kwa kiwiko. "Nipe simu yako."

Benedicta alipopokea, mzee alipiga kelele kama watu wa bonde wote wanavyopiga kelele simuni. "Mwanangu! Njoo! ... Paa? Paa zima! Nilikudanganya, nisamehe. Nitakueleza ukifika. Unapenda bado maharage mabichi na jibini?"

Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu mabega ya mzee yakitikisika, na alikuwa anacheka.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Niliposhuka kuwaona, Hilarión alikuwa kitalu cha chini akichanganya chokaa na samadi ya kondoo, nilivyomwelekeza, ili kadmiamu ishikwe. Benedicta alinipakulia viazi na maharage, akanikabidhi mtoto ili naye ale kwa mikono miwili.