Kufuli la Kobe

Kila asubuhi saa moja na nusu Rose alifanya mambo yake kwa mpangilio mmoja. Alifunika chupa ya chai, akaweka sinia la mchicha na maganda ya tango mlangoni mwa chumba cha nyuma, kisha akatoka na kufuli. Kabla hajalibana alisema kwa adabu, kama mkwe aliyelelewa vizuri kwao Mbeya:

"Mama, nafunga. Kobe asije akatoka."

"Funga, mwanangu," Bibi Stefania alijibu kutoka ndani. "Huyu ana mbio sana."

Kobe mwenyewe, kutoka chumbani hadi mlango wa mbele, alitumia muda wa misa ya Pasaka pamoja na matangazo. Bibi Stefania alimwita Mwenyekiti, kwa sababu ukimuuliza jambo zito alirudisha kichwa ndani.

Walikuja mtaa wa Chanji siku moja, bibi na kobe. Mume wa bibi, Mzee Adolfu, alipozikwa kule bondeni Mtowisa, siku ya nne mwanawe Yusto, karani wa mjini Sumbawanga, alimpandisha mama yake kwenye gari akapumzike wiki mbili moyo utulie. Kobe alipandishwa ndani ya ndoo. Adolfu alimwokota jarubani, katikati ya mpunga, mwaka wa harusi yao, akalelewa ndani ya nyumba kama mtoto, na sasa hapakuwa na mtu wa kumrithi. Wiki mbili hizo zilikuwa na umri wa miaka mitatu.

Mwezi wa pili tu baada ya kufika, Bibi Stefania alionekana stendi, ndoo mkononi, kobe ndani ya ndoo, akiulizia gari la kushuka bondeni. Kondakta aliyemfahamu Yusto akapiga simu. Jioni ile Yusto hakumgombeza mama yake. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama kobe muda mrefu, halafu akasema kwa masikitiko:

"Huyu kobe ana tabia ya kutoroka."

Kesho yake likanunuliwa kufuli.

Kumwambia mama mzazi "nakufungia" ni kutafuta laana, na Yusto alikuwa mtu wa kanisa. Kobe hana laana. Basi katika nyumba ile kila neno zito likawa linapitia kwa kobe. Kobe amelala vizuri? Kobe asitoke nje bila sweta. Kikohozi cha kobe kimepungua? Kobe hakuwahi kukohoa hata siku moja. Bibi Stefania aliishia darasa la nne, lakini lugha hiyo aliijua ndani ya wiki.

"Baba," alimwambia Yusto, "kobe anauliza lini atapelekwa kwao. Siku ya Marehemu imepita, na kaburi la mzee litakuwa limejaa magugu."

"Mwambie barabara ni tope, mama. Asubiri kiangazi."

Kiangazi kikafika, akauliza tena.

"Mwambie vumbi litamuumiza kifua."

"Anauliza pia habari za shamba."

"Yule mfugaji, Masanja, analiangalia."

"Analiangalia kwa jembe au kwa ng'ombe?"

Yusto akasema kobe siku hizi ana maswali mengi.

Mwezi wa sita mwaka huu baridi ya Ufipa ilishuka kama kawaida yake, ile ya kumfanya mtu anywe uji wa ulezi huku ameukumbatia. Mwenyekiti akaacha kula. Yusto, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikaa kitandani kwa mama yake na simu yake, akasoma maelezo ya namna ya kumtunza kobe ndani ya nyumba.

"Kobe anahitaji joto," alisoma. "Anahitaji jua. Anahitaji nafasi ya kutembea. Asiinuliwe ovyo wala kugeuzwa chali. Akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka mia." Hapo akawa kama anahesabu.

"Endelea, baba," alisema Bibi Stefania. "Hapo kwenye mia pananoga."

"Akiachwa huru, hurudi mahali alipozoea." Yusto akazima simu. Alisema chaji imekwisha.

Alinunua taa nyekundu ya kulelea vifaranga, akaitundika juu ya boksi la kobe. Siku ya tatu umeme ulikatika mtaa mzima, ukakatika siku nne. Joto la chumba cha nyuma halikukatika. Lilikuwa joto la Mtowisa, zito, lenye harufu ya tope na mavi ya ng'ombe, na lilipanda mpaka Bibi Stefania akavua sweta, akavua la pili, akabaki na kanga moja. Mbu wakaingia, ingawa Chanji mwezi wa sita mbu hawawezi hata kuamka. Wiki iliyofuata saruji ya sakafu ililainika kuanzia kona ya kitanda, ikatoa maji, halafu ikatoa tope jeusi la bondeni, lile linaloshika mguu na kuuliza unakwenda wapi.

Bibi Stefania alilikanyaga, akalinusa. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga. Mlikuwa na mbegu ya mpunga wa mwisho aliovuna na Adolfu. Akaimwaga pembeni mwa kabati, na miche ilipofika shibiri akaihamishia katikati ya chumba, mstari kwa mstari, akipiga matuta madogo kwa mwiko wa ugali. Mwenyekiti alizunguka kingo za jaruba, akala magugu, mpunga akauacha. Alikuwa anajua kazi.

Rose alipofungua mlango jioni alivua viatu. Kesho yake alileta vifaranga sitini akawaweka juu ya kabati, maana joto la bure haliachwi. Majirani wakaanika sare za shule za watoto kwenye ukuta wa nje wa chumba kile, zikakauka kabla ya chai ya saa nne. Lydia, muuza nyanya, alisogeza meza yake chini ya dirisha, na nyanya alizozileta mbichi asubuhi ziliiva mchana. Kila mtu alikuwa na neno jema kwa kobe.

Na Yusto naye, akirudi kazini, alikuja kuchovya miguu.

"Unaona, mama," alisema siku moja, maji yakimfika kwenye kifundo, chura amekaa karibu na kidole chake gumba. "Mtowisa imekuja yenyewe. Sasa uende kule kufuata nini?"

Kwa miaka mitatu Bibi Stefania alidhani hakuna neno baya kuliko "subiri". Siku hiyo alijua lipo.

Mwezi wa kumi mpunga uliinamisha vichwa. Yangeyange wawili, wale ndege weupe wa majarubani, walipita kwenye nondo za dirisha, wakasimama kwenye ubao wa kitanda. Bibi Stefania alihesabu siku zilizobaki kufika tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu, akagonga dirisha.

"Shikamoo, bibi," alisema Lydia bila kugeuka. Alikuwa anapanga mafungu.

"Marahaba. Lydia, wewe si unamfahamu yule bwana wa wanyamapori?"

"Fanueli? Ananidai fungu la nyongeza kila Ijumaa."

"Mwambie kuna kiumbe kimefungiwa humu ndani miaka mitatu. Kufuli liko nje."

Lydia akageuka. "Kiumbe gani, bibi?"

Hapo Bibi Stefania alifikiri. Akisema "mimi", mtaa mzima wa Chanji utalala na jina la Yusto mdomoni, na mama hamvui mwanawe nguo barabarani, hata kama mwana mwenyewe anastahili kupigwa na upepo. Fanueli ana macho, akiingia ataona.

"Sema kobe," alisema. "Atakuja aone mwenyewe."

Fanueli alikuja Jumamosi, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimwamkia bibi, akavua viatu, akakunja suruali, akatembea juu ya matuta bila kukanyaga shuke hata moja. Alimpima Mwenyekiti urefu na upana. Alitazama dirisha lenye nondo. Alitoka nje akalitikisa kufuli, akarudi anafuta jasho, Yusto nyuma yake.

"Bwana Yusto, hili si jambo zuri," alisema. "Kiumbe kama huyu hafungiwi. Anahitaji kwao. Kobe wa bondeni anapozeeka, ukimtenga na mahali alipozoea anadhoofu kimyakimya, hata kama anakula."

Yusto aliinamisha kichwa. "Ni kweli, bwana."

"Kwa nini mlimfungia?"

"Tulikuwa tunamwogopea barabara."

"Andika vizuri, mwanangu," Bibi Stefania alisema akiwa amekaa kitandani, miguu ndani ya maji. "Andika kobe pamoja na mtunzaji wake. Wamezoeana."

Fanueli alipekua karatasi zake mbele na nyuma, kwa bidii ya kweli. "Fomu ina nafasi ya mnyama tu, bibi," alisema. "Ila gari linashuka Mtowisa Jumatano. Nitamweka popote utakaponielekeza."

Bibi Stefania alimwelekeza: ng'ambo ya kisima, msalaba wa chuma wenye jina la Adolfu, na nyumba ya tofali mbichi hatua ishirini kutoka pale.

Yusto alisaini. Jumatano Mwenyekiti aliondoka amekaa kiti cha mbele, ndani ya ndoo yake ileile, shingo imetoka yote. Hakurudisha kichwa.

Jioni hiyo Rose aliwatoa vifaranga wa awamu ya pili, akijua baridi itarudi. Haikurudi. Joto lilibaki palepale, na tope, na vyura. Bibi alipohamia sebuleni siku moja ili mpunga uvunwe, zulia la sebuleni likaanza kulowa chini ya miguu yake. Aliporudi chumbani, likakauka. Familia ikakubaliana kwamba ni joto la kobe lililosalia, na vifaranga wakarudishwa juu ya kabati.

Wakapata madebe mawili na nusu. Rose aliupika kwa nazi, wakala, Yusto akasema mchele wa Mtowisa hauna mpinzani. Bibi Stefania aliweka pembeni konzi mbili za mpunga usiokobolewa, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Asubuhi ya tarehe mbili Novemba Fanueli alituma picha kwenye simu ya Yusto. Mwenyekiti alikuwa juu ya kaburi la Adolfu. Magugu yote ameyala, kaburi limenyooka kama kitanda cha mgeni, na msalaba umeonekana hadi chini. Nyuma ya msalaba, mahali pa nyumba ya tofali mbichi, palikuwa na nyumba nyingine, ya bati jipya, na mbele yake Masanja amesimama na watoto wake kama mwenye nyumba, anapunga mkono.

Bibi Stefania aliishika simu kwa mikono miwili.

"Kobe amenenepa," alisema Yusto, jicho lake liko kwa kobe peke yake.

"Amenenepa," alisema mama yake. "Na pale kwake naona kuna bati jipya."

"Ni maendeleo, mama."

"Hayo ndiyo maendeleo, baba."

Akamrudishia simu. Yusto akanywa chai yake, akaaga, akaenda kazini.

Rose alifunika chupa. Aliweka sinia la mchicha mlangoni mwa chumba cha nyuma kwa mazoea, akalitazama, akaliondoa. Kisha akatoka na kufuli. Alisimama nje na kulipindua mkononi.

"Mama," alisema, "nafunga."

Bibi Stefania akangoja amalizie. Rose hakumalizia. Kufuli likalia, halafu nyayo zake zikaenda.

Huko barabarani Lydia alikuwa anamwagia maji vumbi mbele ya meza yake, maana mvua ilikuwa haijaanza Chanji wala popote Ufipa. Chumbani ilikuwa imeanza. Ilinyesha kutoka kwenye dari, taratibu, matone makubwa ya bondeni, ikamlowesha Bibi Stefania mabega. Akakunja kanga magotini, akafungua fundo, akaingia jarubani.