Koki Kuu Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, fundi bomba alisimama mbele ya karani wa mapokezi ameshika tumbo. Karani alipanga wagonjwa kwa kutazama mkono ulipo: aliyeshika kifua, dirisha la pili; kichwa, la nne; tumbo, la sita, akapewe vidonge vya gesi. Mwezi huo fundi alikuwa amekwenda la sita mara tatu.

"Leo na mgongo unauma," fundi alisema.

"Mzee wangu, chagua pa kushika. Foleni ndefu."

Alikuwa bado anachagua pa kushika, mshipa mkuu wa damu ukapasuka tumboni mwake. Akakaa sakafuni taratibu. Papo hapo mabomba yote ya hospitali, ambayo aliyalaza mwenyewe miaka kumi na minane nyuma, yakaanza kudunda. Maji ya sinki yakatoka kwa kuruka. Muuguzi aliweka vidole viwili kwenye bomba la ukutani, akatazama saa yake, akaandika: mia na thelathini kwa dakika.

Daktari wa upasuaji, mama mfupi mwenye sauti nene, alikuja mbio. Alibonyeza tumbo akakuta donge linalodunda sambamba na ukuta.

"Mshipa mkuu! Chumba cha upasuaji sasa hivi! Na msimjaze maji, presha ibaki chini!"

"Ndiyo hivyo," fundi alinong'ona. "Bomba likipasuka huongezi presha."

Kitanda kikasukumwa mbio. Mkewe, aliyekuwa amemsindikiza, alikimbia ubavuni, viatu mkononi.

"Mama watoto, nyuma ya chumba cha kufulia kuna koki kuu. Funga. Zungusha kulia."

"Kulia najua! Miaka yote umemfungisha nani kama si mimi?"

Koki ilikuwa imeshika kutu. Mkewe na wafua nguo wawili waliizungushia shuka mbichi, wakavuta hadi ikalia. Mabomba yakanyamaza jengo zima. Huko chumba cha upasuaji, tumbo lilikuwa limefunguliwa na damu imejaa hadi daktari haoni vidole vyake. Sasa damu nayo ikasimama.

"Nimeuona!" daktari alipaza sauti, akaubana mshipa kwa koleo. Akakata palipovimba, akashona bomba la kitambaa mahali pake. Dakika arobaini na mbili. Kisha agizo likapita koridoni, mdomo hadi mdomo: "Fungueni! Polepole! Mkifanya pupa, maungio yataachia!"

Mkewe alifungua robo, akangoja, akafungua robo nyingine. Mabomba yakadunda tena, themanini kwa dakika. Wodi ya wazazi ilipiga vigelegele, kisha ikaendelea kuogesha watoto.

Siku ya tatu, akiwa kitanda cha tisa, fundi aliuliza amewekewa bomba la ukubwa gani.

"Milimita ishirini na mbili," daktari alisema.

"Mimi ningeweka inchi moja."

Uongozi ulining'iniza kibao kwenye koki: MGONJWA WA KITANDA CHA TISA. USIFUNGE BILA DAKTARI.

Jumatatu alikuja mwashi aliyejenga jengo la mapokezi. Alikuwa ameshika tumbo, na alisema mgongo nao unamsumbua.

"Dirisha la sita," karani alisema.

Mwashi akaenda, akapokea vidonge vyake, akapiga hatua nne. Ukuta wa mapokezi ukaanza kudunda. Karani alisogeza kiti chake mbali na ukuta kidogo, akaita anayefuata.