Anwani ya Kitanda cha Baba

Mimi ni fundi wa mitandao, na sipendi kufundishwa kazi. Asubuhi ile nilifunga visanduku viwili vipya vya kupima mapigo ya moyo katika wodi alikolazwa baba yangu: kimoja kwake, kingine kwa mzee wa chumba cha mkabala. Visanduku hivyo havina kioo. Mapigo yanasomwa kwenye skrini ya wauguzi, na skrini humtambua mgonjwa kwa anwani ya mtandao ya kisanduku chake. Kwa hiyo kwenye ruta, kifaa kinachogawa anwani hizo, nilikipangia kila kimoja anwani ya kudumu, kwa kuandika namba yake ndefu ya kiwandani. Tatizo, nilikuwa nimeshavikaza ukutani na lebo zimegeukia ukuta. Nikasoma namba kwenye maboksi matupu. Nani ana muda wa kulegeza skrubu upya?

Mchana nikaingia kumjulia hali Baba. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mwanangu, moyo unanienda mbio."

"Skrini inasema uko salama, Baba. Kisanduku nimekifunga mwenyewe."

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi. Ili kumridhisha tu, nikachomoa waya wa kisanduku chake niuchomeke upya, nikapaza sauti mlangoni:

"Dada, Baba amepotea kwenye skrini?"

"Wala," muuguzi alijibu kutoka mezani kwake. "Anadunda vizuri kuliko wewe. Aliyepotea ni mzee wa mkabala. Umegusa nini tena, fundi wa haraka haraka?"

Waya ulikuwa bado mkononi mwangu. Nimechomoa wa Baba, amepotea mwingine: anwani zilikuwa zimepishana. Sikuwa nimeangalia kisanduku kipi kilitoka boksi lipi.

Nikachomeka waya, nikakimbilia mezani na kufungua ruta kwenye kompyuta. Nikakosea nywila, nikairudia. Nikazibadilisha zile namba, hii huku, ile kule, nikahifadhi. Muuguzi akaenda kuvizima visanduku na kuviwasha ili vichukue anwani upya. Skrini ikawa tupu.

Mistari ya mapigo ikarudi. Wa Baba ulikuwa unaruka ovyo, umesongamana. Daktari akaitwa, akaingia kwake mbio na dawa. Nikajisemea, tumewahi, jamani, tumewahi.

Muuguzi hakumfuata. Alisimama kando yangu, ameduwaa.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo, "mchana huu skrini ilionyesha mzee wa mkabala ndiye ambaye moyo unamwenda mbio. Alikuwa amelala. Tukamchoma sindano ya kuupunguza kasi."

Tukautazama mstari wa pili. Ulipanda mara moja, ukalala. Tukangoja. Ukapanda tena, kidogo. Muuguzi akatimua mbio.

Binti wa yule mzee alikuwa ameshatoka mlangoni, shuka la baba yake mkononi. Aliniona mimi kwanza.

"Samahani, fundi, namwamsha baba haitikii. Hebu niangalizie, mashine yako inasemaje?"