Saa ya Kwanza ya Tamsin

...asilimia hamsini na moja, na mstari wa kijani wa kukokotoa matokeo kwenye kompyuta unatambaa kivivu, na Glenys anajiuliza mbona moyo unamwenda mbio hivi, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, profesa, si alishasaini, yeye na Callum, mpinzani wake wa miaka kumi na tisa, waliandika kabla takwimu hazijafunguliwa kwamba tofauti ikiwa chini ya kiwango walichokubaliana nadharia ya Glenys, kwamba saa ya kwanza ndiyo hufunga mapenzi ya mtoto na mama, imeanguka, hakuna kujitetea, hakuna lakini... watoto elfu nne, nchi tisa, waliopakatwa na mama zao ndani ya saa ya kwanza ya kuzaliwa na wasiopakatwa, je, wakikua wanashikamana na mama zao sawasawa, "Chai unakunywa au unaiangalia tu?" anauliza Callum, "Niache, Callum, nateseka kwa raha zangu," na kweli ni raha, maana nadharia ngapi zimeanguka akiziona hapa chuoni Hobart, ile ya kwamba utashi huisha kama mafuta ya gari, aliifundisha kwa kujiamini, maabara nyingi zikairudia, ikapwaya, na nyingine hazianguki kwa kuwa haziwezi kuanguka, ile ya kwamba ndoto ni tamaa tunazozificha, ukiikubali umekubali, ukiikataa eti ndiyo umeithibitisha, hiyo si sayansi, ni ramli yenye kochi la kulaza mgonjwa, lakini ile ya kusahau, kwamba tunasahau haraka mwanzoni kisha polepole, imerudiwa zaidi ya miaka mia na bado imesimama... na yake? Wakunga waliipokea kwa mikono miwili, akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa wakamwandikia, profesa, nimeshamharibu mwanangu?, naye akawajibu kwa upole kwamba takwimu ni takwimu, asiwaambie kamwe kuhusu Tamsin, bintiye, siku sita kwenye kisanduku cha joto na mpira puani, na yeye mama mtu kalala na homa ghorofa ya chini, na tangu hapo kila mlango Tamsin alioubamiza, kila Krismasi aliyoacha kuja, Glenys alikuwa na jibu, ni ile saa, tuliikosa, basi... jibu tamu, halikumdai chochote... na mwezi uliopita kwenye simu, "Mama, hujawahi kuniuliza kwa nini nimekasirika, wewe unajua tayari," naye akayaandika kwenye daftari, kama ushahidi, ushahidi, Mungu wangu, maneno ya mtoto wake wa kumzaa... lakini ikianguka, basi haikuwa ile saa, ilikuwa miaka thelathini iliyofuata, na miaka bado inakuja, anaona joto likimpanda usoni, anataka kucheka...

"Usihofu, mwenzangu, huenda ukanigaragaza," anasema Callum.

"Naomba unigaragaze wewe," asema Glenys, "naomba kwa moyo wote."

Callum anaweka kikombe chini, "Una homa?", na yeye anatikisa kichwa, anatabasamu peke yake, mkono umeshashika simu, maana hata kuomba huku hakuhesabiki, ndiyo sababu walisaini, na hata nadharia ikisimama imara itakuwa imesema habari za watoto elfu nne, wastani wao, na Tamsin hayumo, hakupimwa na mtu, anayejua kwa nini Tamsin amekasirika ni mmoja tu, mwenyewe, na yuko mjini Launceston, saa hizi ametoka kazini, hajaulizwa bado... asilimia hamsini na mbili.