Landrova ya Mama Margret

Jefwa aliiona Landrova ya Mama Margret ikiwa kwenye gereji ya Wafula, boneti limeinuliwa, na roho ikamuuma sawasawa na mtu aliyefumania.

Ilikuwa siku ya nne mfululizo. Siku ya kwanza alijiambia gari limepita tu kutiwa upepo. Siku ya pili alijiambia Mama Margret amepotea, ingawa mama huyo, nesi mstaafu aliyeishi Port Reitz, alikuwa akipita barabara hiyo ya Magongo tangu Jefwa hajaota ndevu. Siku ya tatu hakujiambia kitu. Alikaa kwenye gereji yake, ng'ambo ya barabara, akaikodolea macho ile rangi ya kijani iliyobabuka mpaka mteja akamuuliza mara mbili kama breki zimekwisha fungwa.

Miaka kumi na tisa hakuna mkono mwingine uliogusa injini ile. Jefwa alijua inavyokohoa asubuhi ya mvua, na boliti gani imekula nyuzi. Marehemu mume wa Margret alikuwa akimtambulisha Jefwa kwa wageni kabla hajawatambulisha ndugu zake. Sasa Jefwa kaenda matangani Ganze wiki mbili tu, amerudi anakuta Wafula, mtu wa Bungoma ambaye hata miaka mitatu Changamwe hajamaliza, ameingiza kichwa chote ndani ya boneti na wala haoni haya.

"Chai inapoa," alisema Kache, aliyeuza mahamri mbele ya gereji. "Gari la watu lile, Jefwa. Si mkeo."

"Nani kakwambia naliangalia?"

"Shingo yako."

Jefwa alisukuma kikombe pembeni, akavuka barabara. Alijitafutia kisingizio cha kuazima spana namba kumi na saba, na ukutani kwake zilikuwa zimening'inia tatu.

"Shikamoo, mzee," Wafula alimwamkia, akajifuta mikono.

"Marahaba. Naona mgonjwa hajapata nafuu."

"Bado, mzee. Inawaka fiti kabisa, inaenda dakika kumi, kumi na tano, halafu inaishiwa nguvu, inazima. Ukiiacha ipoe kidogo, inawaka tena ni kama haikuwa na shida. Nimebadilisha filta. Nimeweka pampu mpya. Nimetoa hewa mara tatu. Nozeli nimepeleka zikapimwa, ziko sawa."

Raha aliyoisikia Jefwa ilikuwa ya aibu, lakini ilikuwa raha. Aliiinamia injini, akatikisa kichwa kwa huruma ya uongo.

"Na mwenyewe asemaje?"

"Amechoka. Amesema isipopona leo, Musyoka wa vyuma chakavu anakuja kuichukua saa tisa. Ataivuta na bredauni ikakatwe."

Jefwa alikuwa amemwombea Wafula ashindwe, hakuwa ameombea gari likatwe. Alitazama saa. Ilikuwa saa saba na nusu.

Ubaya ni kwamba ugonjwa wenyewe aliujua tangu Wafula alipotamka neno dakika. Aliujua kwa sababu aliuanzisha yeye. Miaka miwili nyuma, jiwe la njia ya Kaloleni lilitoboa tangi la Landrova ile, na Margret akampigia simu. Jefwa alikwenda na pikipiki, akaziba tundu kwa sabuni ya kipande. Hapo hakukosea, kila fundi wa pwani na bara huziba hivyo. Lakini sabuni ni ya kukufikisha nyumbani. Ukifika, tangi linashushwa, linaoshwa, linachomelewa. Wao walifika, kazi zikawa nyingi, na Margret alipouliza kama tangi limechomelewa, Jefwa akajibu, "Zamani, mama."

Uongo wa maneno mawili ukamzalia kazi isiyokwisha. Tundu lilikuwa kubwa, na sabuni aliyoisukumia ndani ilianza kumeguka vipande vikafuata dizeli. Badala ya kuchomelea, Jefwa alifunga filta ndogo ya pikipiki kwenye paipu, nyuma ya chasi, akaizungushia mpira wa tyubu isionekane. Kila baada ya miezi michache, Margret akileta gari kubadilishwa oili, alikuwa akijipenyeza chini, anaisafisha, anafunga, anatoka akipiga mluzi. Ndiyo maana hakuna fundi mwingine angeliweza gari lile. Si ustadi, ni ujanja, na Jefwa kwa miaka miwili alikuwa ameuita ustadi mpaka akausadiki.

Akisema, Margret atajua alidanganywa. Akinyamaza, gari litakatwa. Akapata njia ya tatu, na ilimpendeza sana kwa sababu ilikuwa inamwacha Wafula mikono mitupu.

"Nipishe niiguse," alisema. "Wewe kanywe chai kwa Kache. Mwambie ni juu yangu."

Wafula aliweka spana chini. Alipiga hatua mbili, akarudi.

"Mzee, kuna kitu kimoja. Tangi nililikuta limezibwa na sabuni. Nimelishusha juzi, nikaliosha, nikalichomelea. Mama sijamwambia. Nilisema labda siku hiyo ulikuwa na haraka, na yeye anakuheshimu sana."

Jefwa alimchunguza usoni akitafuta kejeli. Angeipata hata kidogo ingemsaidia, angekuwa na cha kumchukia. Hakuipata. Wafula alivuka barabara, akamwacha na gari.

Pale chini, mgongo kwenye kipande cha boksi, Jefwa alifungua mpira wa tyubu kwa hasira. Mashine Wafula kafundishwa, sawa. Na moyo wa namna hiyo aliufundishwa na nani? Filta ilikuwa imejaa uji mweupe. Injini ikivuta, uji unabana. Ikizima, unalegea. Aliikata, akaunga paipu, akatoa hewa, akawasha. Dakika kumi zikapita, ishirini, arobaini. Landrova haikukohoa.

Margret alifika saa tisa kasoro, Musyoka nyuma yake na bredauni. Aliisikia injini kabla hajashuka kwenye tuktuk, akapiga makofi.

"Nilisema mimi! Mkono wa Jefwa huo! Wafula, baba, usione vibaya, gari hili lina mwenyewe."

Maneno hayohayo Jefwa alikuwa akiyatamani siku nne, usiku akiyatunga kitandani kwa sauti ya Margret. Sasa yamekuja, na Wafula, aliyerudi kutoka kwa Kache, akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli, mama. Mzee ndiye ameipata."

Jefwa angenyamaza tu, mambo yangeisha hapo. Lakini jamaa huyu alikuwa anamshinda hata kwa kunyamaza, na Jefwa hakuweza kustahimili kushindwa mara mbili kwa siku moja.

"Mama, tangi sikulichomelea mimi."

"Tangi gani?"

"La ile safari ya Kaloleni. Nilikudanganya. Niliacha sabuni, na sabuni hiyo ndiyo iliyokuwa ikizima gari. Wafula kalichomelea juzi, akanifichia."

Musyoka alijifanya anakagua tairi.

"Miaka miwili," alisema Margret, "nawabeba wajukuu juu ya sabuni?"

"Naam, mama."

Hakumtukana, na Jefwa angeshukuru kama angetukanwa. Gari likipona, ilikuwa kawaida ya Margret kumpandisha fundi mbele, wapande naye mlima hadi barabara ya uwanja wa ndege kuijaribu injini. Jefwa, kwa mazoea, alikwisha futa mikono na kuanza kuzunguka upande wa abiria. Margret aliingia nyuma ya usukani, akajinyoosha, akafungua mlango wa kushoto.

"Wafula," akaita, "panda twende."

Wafula alimtazama Jefwa kwanza, naye Jefwa akampisha njia. Landrova ikaupanda mlima bila kusita, kiwiko cha Wafula kikionekana dirishani. Jefwa alimwonea wivu kuliko siku zote nne zilizopita, kwa sababu safari hii alijua kiti kile ni haki ya Wafula.