Nyumba Iliyofungwa Mdomo

Mtaani pale, ukitaka kujua nani kaposwa, nani kaachika na nani kanunua kochi jipya huku kodi ya nyumba haijalipwa, hukuwa na haja ya kuuliza njiani. Ulikwenda kwa Mama Mkubwa, fundi cherehani, ukavua kandambili mlangoni, ukatafuta pa kuketi. Pa kuketi hapakuwapo, lakini palipatikana. Watu walisogezana. Huyu juu ya furushi la mabaki ya vitambaa, yule kwenye ukingo wa meza ya kukatia, na Mama Mkubwa mwenyewe, futi ya kupimia shingoni na mguu juu ya pedali, akicheka na pini kazibana midomoni bila kumeza hata moja.

Katika zogo hilo ndimo alimokulia Injinia. Mama yake mzazi alifariki yeye bado anatambaa, dada wa marehemu, ndiye Mama Mkubwa, akamchukua, na nyumba nzima ikamlea. Jina la Injinia alipewa siku alipopata nafasi chuoni kusomea ujenzi, tena kwa ufadhili, na tangu hapo la kwake mwenyewe likaota kutu.

"Injinia, nishikie mtoto."

"Injinia, uzi mweupe umekwisha, hebu kimbia dukani."

"Injinia, njoo utuamulie ubishi huu. Si wewe ndiye msomi?"

Na Injinia alikuja. Tena mbio.

Sasa msomi alikuwa amefutiwa masomo. Muhula wa kwanza aliponea chupuchupu, wa pili akaanguka kifudifudi. Chuo kilimwandikia kwa lugha ya baridi kwamba maendeleo yake hayaridhishi na ufadhili umesitishwa. Akitaka, akate rufaa, mradi aeleze ni jambo gani lililo nje ya uwezo wake lililomwangusha, na aonyeshe nini kimebadilika.

Alimwambia Mama Mkubwa jikoni, kwa kunong'ona. Chai haijachemka, sebule yote inajua.

"Wivu tu huo!" alifoka Redio, jirani wa nyumba ya pili, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuumbwa na kitufe cha kuzimia. "Andika ulikuwa unaumwa."

"Kuumwa wanataka cheti," alisema Injinia.

"Basi andika umefiwa."

"Na nani?"

"Mtaje mume wangu. Ananikoromea kila siku, atakuwa amefaa kwa jambo moja."

Watu wakacheka mpaka cherehani ikasimama. Injinia naye alicheka. Kwenye barua ya rufaa hakuandika ugonjwa wala msiba. Aliandika "matatizo ya kifamilia", akitumaini hakuna atakayechimba.

Siku ya kikao alitaka kwenda peke yake. Mama Mkubwa alimtolea macho.

"Mwanangu akasimamishwe mbele ya watu, mimi niko hapa napachika vifungo? Wewe una wazimu?"

Akavaa gauni lake la harusi za watu, akajipaka mafuta, akatoka. Walipofika getini ndipo Injinia alipoona futi bado inaning'inia shingoni. Hakumwambia. Ilimfanya ajisikie yuko nyumbani.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, feni inayolialia na pazia ambalo Mama Mkubwa alilikagua mara moja tu, akasonya kimoyomoyo kwa ule upindo. Nyuma ya meza alikaa mwenyekiti, mwanamke wa miwani na sauti ya chini, na pembeni yake mhadhiri wa hesabu, akigongagonga kalamu. Mama Mkubwa aliruhusiwa kuketi kama mlezi. Kiti chake kiligusana na cha Injinia.

"Umeandika matatizo ya kifamilia," alisema mwenyekiti. "Matatizo gani?"



Injinia alikuwa na jibu, lakini si la kusemwa mle. Ukweli ni kwamba hesabu zilimpita kushoto tangu wiki ya kwanza, akaona aibu kuuliza. Kila jioni alifungua kitabu, akaitazama mistari ile kama mtu anayetazama kufuli la nyumba ya wenyewe, mpaka kicheko kilipolipuka sebuleni. Hapo alikifunga. Hakuna aliyemkokota. Wakati mwingine hata hakuwa ameitwa, alijiita mwenyewe. Lakini kusema "sielewi" kungekuwa kosa lake, na kosa lake halikatiwi rufaa.

"Kijana, tunakusubiri."

"Nyumbani hapasomeki," alisema Injinia, macho kwenye meza. "Watu wanajaa toka asubuhi. Umbea, kelele, cherehani. Kila nikishika kitabu naitwa. Mimi nalala hapo hapo sebuleni, sina pa kwenda."

Mama Mkubwa alicheka kidogo. Ni kile kicheko cha kumsindikiza mtu aliyeanza mzaha, ukingoja amalizie. Injinia hakumalizia. Kicheko kikafia njiani.

"Mama," mwenyekiti akamgeukia, "ni kweli?"

Mama Mkubwa alimwangalia mtoto wa mdogo wake. Angeweza kusema, mbona kitabu unakiweka chini mwenyewe? Alikuwa anajua. Katika sebule ile hakikupita kitu asikione, na Injinia aliona kwamba anajua, akatamani ardhi ipasuke.

"Ni kweli," alisema Mama Mkubwa. "Nyumba yangu ina kelele."

"Na nini kimebadilika?" aliuliza mhadhiri.

Hapo ndipo Mama Mkubwa aliposhtuka kuona futi shingoni mwake. Akaivua, akaiviringisha kwenye vidole polepole, mpaka mwisho.

"Kimebadilika leo," alisema. "Andikeni."

Wakashika njia ya kurudi. Injinia alisema, "Mama, mimi sikuwa na maana kwamba..." naye akamkata kwa kumwonyesha gari asije akagongwa.

Nyumbani walikuta sebule imefurika, watu wamekaa mkao wa kula.

"Haya, tupeni!" alidakia Redio. "Wamenywea?"

"Jamani," alisema Mama Mkubwa, akiwa bado amesimama. "Inukeni. Mtoto anasoma."

Walicheka. Mmoja akamsogezea nafasi. Alipoenda kuushika mlango na kuuacha wazi, akingoja, ndipo walipoelewa. Waliinuka mmoja mmoja, wakitafuta kandambili zao katikati ya miguu ya wenzao. Redio alitoka wa mwisho. Kitufe chake cha kuzimia kilikuwa kimepatikana.

Rufaa ilikubaliwa. Injinia alirudishwa chuoni kwa uangalizi, muhula mmoja, na ufadhili utafikiriwa upya matokeo yakiwa mazuri. Mpaka wakati huo, ada ni juu ya Mama Mkubwa. Na wateja wake walikuwa wamekwenda na maongezi yao. Fundi wa ng'ambo ya barabara, mwanamke anayeshona suruali mguu mmoja mrefu, sasa aliwekewa benchi nje, watu hawamwishi. Hakuna anayepeleka kitambaa mahali asipoweza kucheka.

Kazi kidogo iliyobaki Mama Mkubwa aliishona Injinia akiwa chuoni. Akisikia hatua zake mlangoni, aliuondoa mguu kwenye pedali. Mlangoni zilibaki kandambili za watu wawili.

"Shona tu, Mama. Hainisumbui."

"Soma."

"Basi nenda ng'ambo ukakae nao kidogo. Nitasoma peke yangu."

"Waniulize kwa nini niliwainua? Soma, mwanangu."

Alasiri moja, mtihani umekaribia, Injinia alikaa kwenye meza ya kukatia na kitabu cha hesabu. Mama Mkubwa alikaa nyuma ya cherehani iliyofunikwa, mikono mapajani. Sebule ilikuwa kimya kiasi kwamba maji yalisikika yakidondoka jikoni. Kimya kile kilikuwa cha Injinia. Alikiomba mbele ya watu, akapewa. Akaitazama mistari ileile, nayo ikamtazama. Haikumwambia kitu.

Ng'ambo ya barabara Redio alipasua kicheko, na wenzake wakampokea. Mama Mkubwa aligeuza kichwa upande wa dirisha. Midomo yake ikasogea, kana kwamba ana la kuongezea pale. Kisha akajirudi, akatega sikio kwa Injinia.

Injinia akajua anasikiliza kama kitabu kinasomwa. Akashika ukurasa ambao hakuelewa hata neno lake moja, akaugeuza, kwa nguvu kidogo, ili usikike. Akangoja kidogo, akageuza mwingine.

"Ee, hivyo hivyo," alisema Mama Mkubwa taratibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaegemea kiti.